Pikapu ilikataa kushika, na kila fundi akaja na kipuri chake

SAA tisa usiku wa Jumanne, baba aliingia kwenye pikapu yake iliyokuwa imepakiwa kabeji tangu jioni, akazungusha ufunguo. Stata ikapiga vizuri tu, kwa sauti yake ya kila siku, lakini injini haikushika. Akajaribu tena. Akajaribu mara ya tano, mara ya kumi, hadi betri ikaanza kulegea.

Kwetu Limuru, mtu anayepeleka mboga Marikiti hana nafasi ya kuchelewa. Jua likishatoka, wanunuzi wa jumla washaondoka na kabeji iliyobaki huuzwa kwa bei ya kumfurahisha anayenunua. Usiku huo baba alikodi gari la jirani kwa Sh4,000, akahamisha mzigo gizani akimulikiwa na tochi ya simu. Faida ya safari nzima ikaishia hapo.

Pikapu yenyewe ni Toyota ya mwaka 1994, injini ya petroli, silinda nne, mfumo wa EFI. Yaani haina kabureta. Petroli hupulizwa na injekta kwa amri ya kompyuta ndogo ambayo mafundi wetu huiita kontroli boksi. Ndiyo iliyonilipia karo ya sekondari, kwa hivyo nikisema nina uchungu nayo mnielewe.

Fundi wa kwanza alikuja kwa bodaboda saa tatu asubuhi. Alizungusha ufunguo hadi pale taa za dashibodi zinapowaka, hakupiga stata, akatega sikio upande wa tenki, akatikisa kichwa.

"Mzee, pampu imekufa. Ingekuwa mzima ungeiskia ikilia."

Pampu mpya ikanunuliwa, tenki likashushwa, pampu ikafungwa. Kimya. Alipoona hivyo alikumbuka ana kazi nyingine Tigoni, akalipwa, akaenda.

Wa pili alikuwa na maarifa zaidi kidogo. Alichomoa waya wa plagi, akausogeza karibu na chuma huku baba akipiga stata, akaona hakuna cheche hata moja. "Hakuna moto hapa. Koili." Koili ikaja, moto haukuja. "Basi ni distributa." Ikaletwa distributa ya ex-Japan kutoka Kirinyaga Road, ikafungwa, moto ukakataa vilevile. Kufikia hapo betri ilikuwa imechoka kwa kupigishwa stata siku mbili mfululizo, naye akashauri inunuliwe mpya. Betri ya zamani ilihitaji tu kuchajiwa usiku kucha, lakini nani angesema.

Wa tatu hakugusa hata spana. Alisikiliza historia yote, akasema kilichobaki ni kontroli boksi, na kwamba anamjua mtu aliye nayo kwa Sh18,000.

Hapo ndipo baba aliponipigia simu. Nilifanya hesabu nikiwa kwenye matatu: pampu Sh4,800, koili Sh3,500, distributa Sh9,000, betri Sh9,500, ufundi Sh3,500, na gari la kukodi mara tatu Sh12,000. Jumla Sh42,300, na pikapu bado imekaa chini ya mti kama kuku aliyeatamia. Kurudisha vipuri? Jaribu kurudisha kifaa cha umeme kilichokwisha kufungwa uone utakavyoangaliwa dukani.

Nilimkumbuka mwenzangu tuliyesoma naye shule ya upili, ambaye sasa ni fundi wa umeme wa magari Kariobangi Light Industries. Ana miaka 26. Aliniomba nisimtaje jina kwa sababu mafundi ni watu wanaojuana na hataki ionekane kwamba anawaanika wenzake. Nilimwambia baba fundi anakuja. Sikumwambia ni msichana.

Alishuka matatu na begi la mgongoni, ovaroli imekunjwa ndani. Baba alimwangalia, akaniangalia mimi, kisha akasema tu, "Karibu mama." Nilijua maana ya sauti ile.

Jambo la kwanza alilofanya halikuwa kufungua boneti. Alivuta kibao, akaketi na kumhoji baba kama daktari wa zahanati.

"Baba, siku ya mwisho ilitembea vizuri?"

"Vizuri kabisa. Nilitoka Marikiti Jumamosi, nikaiegesha hapa."

"Na kabla ya hapo, kuna mtu aliifungua? Hata kitu kidogo?"

Baba alifikiri. Ndiyo, wiki mbili hivi kabla ya kuharibika, gereji moja ilibadilisha gasketi ya manifoldi ya kuingizia hewa kwa sababu injini ilikuwa inanguruma vibaya ikiwa imesimama. Lakini baada ya hapo pikapu ilifanya kazi zaidi ya siku tisa bila shida, kwa hivyo hakuona kama ni jambo la kutaja.

Fundi akaandika kwenye simu yake: *manifoldi*. Sikuelewa ni kwa nini.

Niseme kidogo kuhusu mfumo wenyewe, kwa sababu hapo ndipo pesa za watu wengi hupotelea. Kwenye injini ya kabureta, pistoni ikishuka huvuta hewa, na hewa ikipita kasi huvuta petroli yenyewe. Hakuna anayetoa amri. Fundi wa zamani aliweza kumwaga petroli kidogo kwenye mdomo wa kabureta, injini ikashika, akajua shida iko wapi. Kwa EFI, hewa haivuti chochote. Injekta ni kama bomba lenye mlango wa umeme, na mlango huo haufunguki hata tone moja hadi kontroli boksi iseme fungua. Hiyo kontroli boksi nayo lazima iwe na umeme wake, na lazima iambiwe na distributa kwamba injini inazunguka. Kwenye Toyota hii, hata cheche ya plagi husubiri amri yake.

Si teknolojia ya jana. Kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilianza kuuza mfumo wake wa D-Jetronic mwaka 1967 kwenye magari ya Volkswagen. Ila hapa kwetu mafundi wengi walijifunzia kwenye kabureta au dizeli, na ile EFI wakaipokea kwa kubahatisha: badilisha hiki, kikikataa badilisha kile. Na kwa kuwa sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, ukiona gari la 1994 barabarani jua limekaa humu nchini miaka mingi na limepita mikono mingi. Kila mkono umeacha waya wake.

Na usidhani utapona kwa ile mashine ndogo ya Bluetooth inayouzwa mtandaoni ya kusoma makosa kwenye simu. Tundu lake la pini 16 lililazimishwa Marekani kuanzia magari ya mwaka 1996. Pikapu ya baba haina.

Turudi chini ya mti. Fundi alitoa mita yake, ambayo anasema aliinunua kwa Sh1,500 alipopata kazi yake ya kwanza. Akagusa vichwa vya betri: volti 12.6. Akaniambia nipige stata huku anaangalia: ikashuka hadi 10.4. "Betri iko sawa. Ikishuka chini ya 9.6 hapo ningeanza na betri ama stata, singeendelea na kitu kingine." Umeme ukipungua sana wakati wa stata, kontroli boksi huweza kuzimika na ukatafuta ugonjwa usiokuwapo.

Kisha akaniambia nizungushe ufunguo hadi taa za dashibodi ziwake, niishie hapo. Akainama dirishani.

"Unaona taa gani?"

"Ya oili. Ya betri."

"Na ile ya manjano ya injini?"

Haikuwepo. Baba akasogea. "Hiyo huwaka kidogo halafu gari ikishika inazimika. Enyewe, sijaiona siku hizi."

Fundi hakusema kitu, lakini niliona ameweka alama kichwani. Kuna wauza magari wanaong'oa balbu ya taa hiyo ili mnunuzi asijue gari lina kasoro, kwa hivyo taa iliyokosekana yenyewe si ushahidi kamili. Ila kwa gari ambalo mwenyewe anakumbuka taa ilikuwa ikiwaka, ni habari kubwa.

Akaenda kwenye mafuta. Aliniambia nipige stata, naye akiwa amelala chini karibu na tenki. Pampu ikalia.

"Hii pampu inafanya kazi."

"Ni mpya," nikasema.

"Hata ile ya zamani labda ilikuwa inafanya." Akanieleza. Kwenye magari mengi pampu hulia sekunde mbili hivi ukifungua ufunguo tu, kisha hunyamaza. Lakini Toyota nyingi za EFI za umri huu hazina tabia hiyo. Pampu huanza pale unapopiga stata. Fundi wa kwanza alifungua ufunguo, akasikia kimya, akahukumu. Pampu ilikuwa imenyamaza kama kawaida yake.

Nikamuuliza kama tunaweza kuipima ile ya zamani kwa kuiunganisha kwenye betri. Alinikatalia waziwazi. Pampu iliyotoka kwenye tenki bado ina mvuke wa petroli ndani, na waya wa betri ukiguswa hutoa cheche. "Watu wameungua nyuso kwa hiyo mambo."

Ili asiamini sikio peke yake, alifunga geji ya presha kwenye njia ya mafuta, akiwa amezungushia kitambaa kwenye nati kabla ya kuilegeza ili petroli isiruke. Sindano ikapanda hadi 40 psi. Injini nyingi za aina hii hutaka kati ya 35 na 45. Pampu ya kabureta hutoa presha ndogo sana kuliko hiyo, ndiyo maana kuona petroli inatiririka tu kwenye mpira hakukuambii chochote kuhusu EFI. Petroli inaweza kufika na isifike kwa nguvu inayotakiwa.

Sasa moto. Alikuwa na kijichombo cha kupimia cheche kinachofungwa kwenye waya wa plagi, cha kumwepusha mtu kushika waya mkononi. Nikapiga stata. Hakuna cheche. Hadi hapo alikuwa amefika mahali alipofika fundi wa pili, na kwa muda nilianza kuwa na wasiwasi juu ya nauli yake.

Lakini hakuishia hapo. Alichomoa soketi ya injekta moja, akachomeka taa ndogo aliyojitengenezea mwenyewe, LED na kizuizi cha umeme vimefungwa kwa seloteipu. Injekta ikipewa amri, taa hiyo humetameta. Nikapiga stata. Haikumeta.

Alisimama wima, akajifuta mikono.

"Sasa skiza. Ingekosa moto tu lakini injekta zinafanya, ningeshuku koili. Ingekosa injekta tu na moto uko, ningeangalia waya za injekta. Lakini vyote viwili vimepotea pamoja, na vilipotea usiku mmoja. Unafikiri koili na injekta nne zimekufa siku moja?"

Nikasema hapana.

"Basi tunatafuta kile kinachovilisha vyote."

Vinavyoweza kuviangusha vyote viwili si vingi. Huenda distributa haipeleki habari kwamba injini inazunguka. Au kontroli boksi yenyewe imelala, ama kwa kukosa umeme ama kwa kufa. Na hapo ndipo ile taa ya manjano ilipopata maana. Kama ni distributa peke yake, taa ingewaka ukifungua ufunguo, kwa sababu kontroli boksi ndiyo huiwasha na haihitaji injini izunguke ili ifanye hivyo. Taa kutowaka kulimwambia kwamba kontroli boksi haikuwa hata imeamka. Distributa ya Sh9,000 ilikuwa imeshajibiwa na balbu ya dashibodi kabla haijanunuliwa.

"Kwa hivyo yule wa kontroli boksi alikuwa anasema ukweli?" baba akauliza. Alikuwa amesogea karibu kabisa sasa, na kile kibao kilikuwa kimerudi kwake.

"Labda, baba. Lakini mtu akilala huwezi kusema amekufa kabla hujamgusa."

Alianza na fyuzi iliyoandikwa EFI. Hakuitazama tu kwa macho. Aligusa pande zote mbili kwa testa, zote zikawasha. Fyuzi inaweza kuonekana nzima na kumbe imekatika mguuni. Akagusa rilei kwa kidole huku nikifungua ufunguo: *tik*. Akafungua plastiki ya pembeni, upande wa miguu ya abiria, kontroli boksi ikaonekana, kisanduku cha bati chenye soketi za waya nyingi za rangi. Kwa pini nyembamba aliingia nyuma ya soketi bila kuichomoa, hadi kwenye waya unaoleta umeme mkuu. Waya mweusi wa mita akaugusisha kwenye bodi ya gari. Mita ikasoma 12.3.

Kwa fundi mwenye haraka, kazi imeisha hapo. Umeme unafika, kontroli boksi haifanyi kazi, kwa hivyo imekufa. Leta elfu kumi na nane.

Yeye aliacha waya mwekundu pale pale, akahamisha ule mweusi tu. Aliutoa kwenye bodi ya gari, akaupeleka kwenye pini ya ethi ya kontroli boksi yenyewe, yaani njia ambayo umeme hupitia kurudi upande wa hasi wa betri. Mita ikaanguka karibu na sifuri.

Nilimwona akitabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Umeme unaingia lakini hauna njia ya kutoka," akasema. Umeme usiporudi haufanyi kazi yoyote, hata uwe volti ngapi.

"Baba, ile gasketi uliniambia ni ya manifoldi?"

Kwenye injini hii, nyaya za ethi za kontroli boksi husafiri hadi ndani ya boneti na kufungwa kwa boliti moja kwenye manifoldi ya kuingizia hewa. Alimulika nyuma ya manifoldi, chini ya mpira wa maji, akaingiza mkono hadi kwenye kiwiko, akautoa akiwa ameshika pete ya shaba iliyoshikilia nyaya za kahawia. Ilikuwa inaning'inia. Boliti haikuwepo.

Aliyebadilisha gasketi aliifungua pete hiyo ili atoe manifoldi, na aliporudisha kila kitu akaisahau. Kwa siku tisa hivi ilikuwa imelalia chuma na kugusana nacho, na hiyo ikatosha. Mashimo ya barabara yakaitikisa kidogo kidogo hadi Jumamosi ile, na ilipofika Jumanne ilikuwa imeachana na chuma kabisa.

Alisugua pete na mahali pake kwa msasa hadi shaba na chuma vikang'aa. Baba aliingia ndani, akarudi na mkebe wa maziwa ya unga uliojaa boliti za miaka thelathini. Tukapata moja ya spana namba kumi, ikaingia. Kabla ya kuwasha, alipima tena kati ya manifoldi na hasi ya betri nikipiga stata kidogo, kuhakikisha hakuna volti inayopotelea njiani. Anasema ikizidi 0.2 atarudi kusugua.

Taa ya manjano iliwaka. Baba aliona kabla yetu.

Nilipopiga stata, injini ilikohoa, ikatetemeka, ikashika, lakini kwa mngurumo mbaya kama trekta. Furaha ya baba ikakatika nusu. Fundi hakushtuka. Ile distributa mpya ilikuwa imefungwa bila taiming kupangwa, akasema, na alikuwa ameitarajia hiyo. Gari lililoingia na ugonjwa mmoja sasa lilikuwa na mawili. Kwenye kisanduku kidogo ndani ya boneti kilichoandikwa DIAGNOSIS aliunganisha matundu mawili, TE1 na E1, kwa kipande cha waya, akamulika puli kwa taa ya taiming, akazungusha distributa polepole hadi mngurumo ukatulia.

Tundu hizo mbili ndizo skana ya gari la aina hii, na hazikugharimu chochote. Ukiziunganisha injini ikiwa imezimwa na ufunguo umefunguliwa, taa ya manjano hukuhesabia kosa. Ikimeta mara moja, ikatua, ikameta mara mbili, hiyo ni namba 12, inayohusu habari ya mzunguko kutoka kwa distributa. Ikimeta mfululizo bila kutua, hakuna kosa lililohifadhiwa. Ya kwetu ilimeta mfululizo. Angalia ramani ya gari lako kwanza, maana kuunganisha matundu yasiyofaa ni njia nyingine ya kununua kontroli boksi.

Tulipokuwa tukinywa chai nilimuuliza mambo mengine anayokutana nayo. Panya, akasema bila kufikiri. Magari yanayokaa chini ya miti hutafunwa nyaya. Kuna pia sensa ya joto la maji, ambayo kwenye Toyota hizi husoma kama kiloomu 2 hadi 3 maji yakiwa nyuzi 20 na hushuka hadi omu 200 hadi 400 yakifika 80. Ikidanganya, kontroli boksi hudhani injini ni baridi au moto kuliko ilivyo, na asubuhi ya Limuru haikubali kudanganywa. Na petroli iliyochanganywa na mafuta taa ilimsumbua sana alipokuwa anaanza kazi, hadi serikali ilipoweka ada ya Sh18 kwa lita ya mafuta taa mwaka 2018 kuondoa kishawishi hicho. Siku hizi huipata mara chache.

Ana cheti cha NITA cha Gredi ya Pili na anajiandaa kwa Gredi ya Kwanza. Kilichomchelewesha, anasema, si karo pekee. Miezi mingi ya mwanzo wateja walikuwa wakimpita na kumuuliza mwenye gereji, "Fundi yuko wapi?" Alisema hivyo akimimina chai. Baba alikuwa ameketi hapo hapo, akaanza kuchunguza kikombe chake.

Malipo yalikuwa Sh3,000 na nauli. Baba aliongeza kabeji nne na gunia dogo la viazi, akambebea hadi stejini yeye mwenyewe. Sijawahi kumwona akimbebea mtu mzigo hadi stejini.

Jioni hiyo pikapu ilipakiwa. Fundi wa tatu alipiga simu tukiwa tunafunga turubai, kuuliza kama alete ile kontroli boksi kesho. Baba alimwambia asante, tumeshapata kilichokuwa kinakosekana, ni boliti ya namba kumi.